"Hapajengeki": Rangi, Mahali na Kauli ya Kutendeka katika Michezo ya Ujenzi ya Tarakilishi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi rangi zinavyotumiwa, katika michezo ya ujenzi ya tarakilishi, kumjulisha mchezaji iwapo eneo analoliteua linafaa kujengwa. Yanadai kwamba rangi hiyo ni kauli kamili yenye kiima na kiarifu, na kwamba kauli hiyo inawiana kwa karibu sana na miundo miwili ya Kiswahili, yaani kauli ya kutendeka na ngeli ya mahali. Hata hivyo, rangi hutoa hukumu bila kutoa sababu, na wapo wachezaji wasioweza kuitofautisha. Kwa hiyo rangi inahitaji neno la kuandamana nayo, na neno hilo Kiswahili kinalo. Makala yanapendekeza jumbe fupi ambazo mfasiri anaweza kuzitumia.

1. Utangulizi

Mwaka 1989 kampuni ya Maxis ya Marekani ilitoa SimCity, mchezo uliobuniwa na Will Wright, ambamo mchezaji hupewa ardhi tupu na hazina ya fedha, kisha akatakiwa kuunda mji. Tangu hapo michezo ya aina hiyo imeongezeka. SimCity 2000 ilifuata mwaka 1993, Theme Hospital ya kampuni ya Bullfrog ya Uingereza mwaka 1997, na Cities: Skylines, iliyoundwa Finland na kampuni ya Colossal Order, mwaka 2015. Katika michezo hii yote kuna tendo moja linalorudiwa mara nyingi kuliko mengine: mchezaji huteua eneo, na tarakilishi humjibu kama eneo hilo linafaa au halifai. Jibu hilo, aghalabu, huwa ni rangi.

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuuliza jambo hili linamhusu vipi. Jibu la kwanza ni kwamba programu za tarakilishi zimekwisha kuanza kutafsiriwa kwa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maelekezo ya Kiswahili. Jibu la pili ni kwamba michezo ya ujenzi si ya watoto pekee. Mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi, UN-Habitat, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilianza ushirikiano na Mojang, kampuni ya Sweden iliyounda mchezo wa Minecraft, ili wakaazi wa miji watumie mchezo huo kuonyesha jinsi wanavyotaka viwanja vyao vya umma viwe. Kibera ni miongoni mwa sehemu zilizohusishwa. Mkaazi anapoketi mbele ya kiwambo na kuamua mahali pa kuweka uwanja au kijia, lugha ya mchezo huwa ni suala la ushiriki wake katika maamuzi.

Jibu la tatu ni la kiisimu, na ndilo kiini cha makala haya. Rangi inayotokea chini ya kishale cha kipanya ni ishara yenye maana. Ishara hiyo inaweza kuchanganuliwa kama sentensi inavyochanganuliwa.

2. Jinsi eneo linavyoteuliwa

Ili kuielewa ishara hii, ni muhimu kuelewa kwanza kinachotendeka kwenye kiwambo. Ardhi ya mchezo hugawanywa katika miraba midogo iliyopangwa kwa safu na mistari, mfano wa karatasi ya hesabu. Kila mraba una anwani ya nambari mbili: ya kwanza ni ya safu, ya pili ni ya mstari. Mchezaji hubonyeza kipanya juu ya mraba mmoja, akakivuta bila kukiachilia, kisha akakiachilia juu ya mraba mwingine. Miraba hiyo miwili huwa pembe mbili zinazokabiliana za mstatili.

Tuseme mchezaji ameanzia mraba (3,2) na kuishia mraba (7,5). Eneo lake lina safu ya 3 hadi ya 7, yaani safu tano, na mstari wa 2 hadi wa 5, yaani mistari minne. Jumla ni miraba 20. Iwapo angeanzia (7,5) na kurudi nyuma hadi (3,2), eneo lingekuwa lilelile. Kwa sababu hiyo programu haijali mwanzo wala mwisho wa mvuto. Huchukua nambari ndogo na nambari kubwa ya kila upande, kisha ikahesabu.

Baada ya hapo programu hupitia kila mraba na kuuliza maswali: Je, pana jengo? Je, pana maji? Je, ardhi imeinama? Mraba unaopita mtihani hupakwa rangi moja, na unaoanguka hupakwa nyingine. Rangi hupakwa nyepesi, kama kioo cha rangi kilicholazwa juu ya ardhi, ili mchezaji aendelee kuona kilicho chini yake. Kila kipanya kinaposogea, hesabu nzima hurudiwa.

Theme Hospital inatoa mfano bora wa utaratibu huu. Katika mchezo huo mchezaji huendesha hospitali. Akitaka kuongeza chumba cha daktari, huvuta kipanya juu ya sakafu, na ramani ya chumba hujichora kwa buluu, rangi inayokumbusha ramani za wasanifu majengo wa zamani. Mraba usiofaa hugeuka mwekundu. Aidha, kila aina ya chumba ina ukubwa wake wa chini, na chumba kisichoufikia hakikubaliwi hata kama kila mraba wake ni mtupu. Eneo likishakubaliwa, ndipo mchezaji huweka mlango, madirisha na samani.

Kasi ya jibu nayo ina umuhimu. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tarakilishi, alieleza mwaka 1993 kwamba jibu likija ndani ya takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtumiaji huliona kana kwamba limetokea papo hapo. Likichelewa zaidi, huhisi kwamba anaingojea mashine. Rangi inayochelewa kuufuata mkono humwonyesha mchezaji hali ya mahali alipokwisha kupaacha.

3. Rangi kama ishara

Ferdinand de Saussure alifundisha kwamba ishara ina pande mbili, kiashiria na kiashiriwa, na kwamba uhusiano baina ya pande hizo ni wa nasibu. Jamii ndiyo inayoukubali. Je, uhusiano baina ya wekundu na katazo pia ni wa nasibu? Wapo wanaodai kwamba wekundu ni rangi ya damu na moto, hivyo hatari imo ndani yake. Ushahidi unaonyesha kwamba hoja hiyo ni ya kweli kwa kiasi tu. Katika masoko ya hisa ya China wekundu huonyesha kwamba bei imepanda na kijani kwamba imeshuka, kinyume cha ilivyozoeleka katika nchi nyingi. Katika bendera ya Kenya wekundu ni damu iliyomwagika kupigania uhuru, nayo kijani ni ardhi. Hakuna anayeitazama bendera akadhani kwamba wekundu unamwambia asimame.

Mazoea ya wekundu kuwa katazo yana historia yake. Taa za kwanza za kuongozea magari barabarani, zilizowashwa kwa gesi, ziliwekwa karibu na Bunge la Uingereza mjini London mwaka 1868, zikiwa na rangi nyekundu na kijani zilizoigwa kutoka reli. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1970 nchini Meksiko, kadi za manjano na nyekundu zilianza kutumika katika soka. Wazo hilo lilikuwa la refa Mwingereza Ken Aston, aliyelipata kutokana na taa za barabarani. Kwa hiyo mchezaji wa tarakilishi anapouona mraba mwekundu, anasoma ishara iliyopita relini, barabarani na uwanjani kabla ya kumfikia.

Ni lazima pia kutofautisha kazi mbili ambazo rangi hufanya katika michezo hii. Kazi ya kwanza ni kubainisha aina. Katika SimCity, kijani ni eneo la makazi, buluu ni la biashara na manjano ni la viwanda. Kazi ya pili ni kutoa hukumu: panafaa au hapafai. Kazi hizi zikikutana katika rangi moja, utata huzuka. Kijani kinaweza kumaanisha "makazi" na wakati huohuo "panafaa". Hali hii inafanana na homonimia katika lugha. Neno paa linaweza kuwa sehemu ya juu ya nyumba, mnyama wa porini au kitendo cha kwenda juu, na ni muktadha unaoamua. Msemaji hujiepusha na utata kwa kuongeza maneno. Mbunifu wa mchezo naye hujiepusha kwa kutenga rangi: akiwa ametumia kijani kwa aina, hutafuta rangi nyingine kwa hukumu. Waliounda Theme Hospital walipotumia buluu kwa kibali, waliacha kijani bila kukigusa.

4. Sarufi ya rangi

Iwapo rangi ni kauli, inasema nini hasa? Wengi wangejibu kwamba mraba wa kijani unasema "Jenga!" na mwekundu unasema "Usijenge!" Jibu hili si sahihi. Mchezaji anayeona kijani halazimiki kujenga, wala hakuna aliyemwamuru. Rangi haiko katika hali ya kuamuru. Inaarifu tu sifa ya mahali: kwamba mahali hapo panaweza kujengwa.

Kiswahili kina kauli mahususi ya maana hii, nayo ni kauli ya kutendeka. Kauli hii hubeba maana mbili. Ya kwanza ni hali iliyokwisha kufikiwa, kama katika "Kikombe kimevunjika." Ya pili ni uwezekano, kama katika "Chuma hiki hakivunjiki." Maana ya pili ndiyo inayohusika hapa. Mraba wa kijani unasema "Panajengeka." Mraba mwekundu unasema "Hapajengeki." Neno hili la pili linaweza kuchanganuliwa hivi:

ha- : kiambishi cha ukanushi
-pa- : kiambishi cha ngeli ya mahali
-jeng- : mzizi wa kitenzi
-ek- : kiambishi cha kauli ya kutendeka
-i : kiishio cha ukanushi

Mofimu tano, neno moja, na kila mofimu ina kazi inayoonekana kwenye kiwambo. Wekundu wenyewe ni ha- na -i. Mahali ambapo wekundu umelala ni -pa-. Kifaa alichokishika mchezaji, cha kujenga na wala si cha kubomoa, ni -jeng-. Nao uwezekano unaopimwa na programu ni -ek-.

Mofimu ya pili inastahili kutazamwa zaidi, kwa kuwa ngeli ya mahali ina viambishi vitatu. PA- huonyesha mahali mahususi, panapoweza kunyoshewa kidole. KU- huonyesha mahali pa jumla, pasipo na mipaka dhahiri. M- huonyesha ndani. Mgawanyo huu unalingana na hatua tatu za uteuzi wa eneo.

Kwanza, mraba mmoja ulio chini ya kishale ni "hapa". Pili, ardhi pana ambayo mchezaji anaizungukia akitafuta pa kuanzia ni "huku". Tatu, chumba kikishazungushiwa kuta na mchezaji akaanza kuweka meza na kitanda, mahali pamekuwa "humu". Mchezo unaokataa meza ndani ya chumba kilichojaa haufai kusema "Hapajengeki", ujumbe wake ni "Humu hamna nafasi."

Tofauti hii inasaidia kutatua swali ambalo wabunifu wa michezo hukabiliana nalo. Iwapo miraba 18 kati ya 20 inafaa na miwili haifai, je, eneo zima lipakwe rangi nyekundu, au miraba miwili pekee? Kupaka eneo zima ni kusema "Huku hakujengeki," na mchezaji anabaki akisogeza mstatili wake huku na kule bila kujua tatizo liko wapi. Kupaka miraba miwili ni kusema "Hapa na hapa hapajengeki," na mchezaji anajua mara moja apunguze upande upi. StarCraft ya mwaka 1998, ingawa ni mchezo wa vita, ilifuata njia hiyo ya pili: chini ya kila jengo linalotaka kuwekwa, kila mraba ulipakwa kijani au nyekundu peke yake. Hata hivyo, njia ya pili haitoshi pale ambapo kasoro ni ya eneo zima. Chumba kikiwa kidogo mno, hakuna mraba mmoja wenye kosa. Kosa ni la jumla, na ni jumla inayopaswa kubadilika rangi.

5. Rangi inapokosa ulimi

Hadi hapa rangi imeonekana kuwa kauli yenye ufasaha. Hata hivyo, ina upungufu wa aina mbili.

Upungufu wa kwanza ni kwamba si kila jicho linaisikia. Mwanakemia Mwingereza John Dalton alieleza mwaka 1794 kwamba yeye mwenyewe hakuziona rangi kama watu wengine wanavyoziona. Leo inafahamika kwamba miongoni mwa watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, takriban mwanamume mmoja kati ya 12 na mwanamke mmoja kati ya 200 hutatizika kutofautisha rangi, hasa nyekundu na kijani. Kiwango hutofautiana baina ya jamii, lakini hali yenyewe imo katika kila jamii. Kwa mchezaji wa aina hiyo, mraba wa kijani na mraba mwekundu ni miraba miwili ya rangi inayokaribiana. Ndiyo sababu miongozo ya kimataifa ya maudhui ya wavuti, katika toleo la mwaka 1999 na tena katika toleo la mwaka 2008, ilisisitiza kwamba rangi isiwe njia pekee ya kupitisha habari. Buluu na nyekundu za Theme Hospital huwa na nafuu kuliko kijani na nyekundu. Nafuu zaidi hupatikana mraba usiofaa unapochorwa pia mistari ya mshazari au alama ya mkasi, ili umbo liseme pamoja na rangi.

Upungufu wa pili unamhusu kila mchezaji, hata mwenye macho timamu. Rangi hutoa hukumu bila kutoa sababu. Mraba umekuwa mwekundu, lakini kwa nini? Je, pana maji? Je, fedha zimekwisha? Je, barabara iko mbali? Sababu hizi zinahitaji suluhisho tofauti. Penye maji, mchezaji asogee. Palipo na jengo, abomoe. Fedha zikiwa zimekwisha, angoje. Wekundu mmoja hauwezi kubeba maelekezo matatu.

Wakenya wanaifahamu ishara ya aina hii nje ya tarakilishi. Katika miji ya Kenya, jengo lililovamia hifadhi ya barabara au lililotangazwa kuwa hatari huchorwa alama ya X kwa rangi nyekundu ukutani. Alama hiyo na mraba mwekundu wa mchezo zinasema neno moja: hapajengeki. Tofauti kubwa iko katika wakati. Katika mchezo, wekundu hutangulia tofali la kwanza. Ukutani, wekundu huja wakati familia zimekwisha kuhamia. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la orofa kadhaa lilianguka mtaani Huruma, Nairobi, na takriban watu 50 wakafa. Lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa lisilofaa kukaliwa, ilhali wapangaji walikuwa wangali ndani. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Funzo kwa mbunifu wa ishara yoyote ni kwamba katazo hufaa likija mapema, na hufaa zaidi likija pamoja na sababu ambayo mwenye kuisoma anaielewa.

6. Majina ya rangi katika Kiswahili

Kabla ya kupendekeza maneno ya kuandamana na rangi, inafaa kutazama maneno ya rangi zenyewe, kwa kuwa maelekezo ya mchezo huzitaja mara kwa mara.

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vyenye mizizi inayopokea viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine huchukua majina ya vitu na kuunganishwa kwa kihusishi cha a-unganifu. Kijani kinatokana na jani, manjano ni kiungo cha jikoni, kijivu kinahusiana na majivu, kahawia na kahawa, zambarau ni tunda, na samawati imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mbingu. Inavutia kwamba Brent Berlin na Paul Kay, katika utafiti wao wa mwaka 1969, walidai kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na nyeupe, nyeusi na nyekundu.

Tofauti hii ya kimofolojia ina athari kwa mfasiri. Wekundu hupatanishwa na nomino:

mraba mwekundu, miraba myekundu
eneo jekundu, maeneo mekundu
kiwanja chekundu, viwanja vyekundu
ukuta mwekundu, kuta nyekundu
mahali pekundu

Kijani hakibadiliki, kinachobadilika ni kiunganishi: mraba wa kijani, miraba ya kijani, eneo la kijani, viwanja vya kijani. Programu inayounda sentensi kwa kuchomeka jina la rangi katika nafasi tupu itazalisha makosa, kwa mfano *"miraba ya nyekundu" au *"eneo nyekundu". Mfasiri anapaswa kudai apewe sentensi nzima, wala si neno moja moja.

Suala jingine ni uteuzi wa neno. Rangi ya ramani katika Theme Hospital inaweza kuitwa buluu au samawati, na kijani kinaweza kuitwa pia chanikiwiti. Kila neno lina watumiaji wake. Lililo muhimu ni kwamba neno likishateuliwa lidumishwe kutoka mwanzo wa mchezo hadi mwisho. Mchezaji anayesoma "buluu" hapa na "samawati" pale atadhani ni ishara mbili.

7. Neno la kuandamana na rangi

Ujumbe unaotokea juu ya eneo lililoteuliwa hauna nafasi kubwa. Ni lazima uwe mfupi na usomeke kwa kutupia jicho mara moja. Tafsiri ya neno kwa neno hushindwa hapa. Ujumbe kama "Haiwezi kujenga hapa" unazua swali: ni nini kisichoweza? Kiambishi i- hakina nomino ya kukiongoza. Ujumbe "Huwezi kujenga hapa" ni sahihi kisarufi, lakini unamtupia mchezaji lawama, kana kwamba uwezo wake ndio uliopungua. "Hapajengeki" haumlaumu mtu, unazungumzia mahali. Unafanana na kauli ya fundi anayemwambia mwenye ploti kwamba udongo wa hapa haufai, badala ya kumwambia kwamba hajui kujenga.

Kwa kuzingatia hayo, jumbe zifuatazo zinapendekezwa:

Eneo linafaa: Panajengeka.
Pana jengo tayari: Pamejengwa.
Pana maji: Pana maji.
Ardhi imeinama mno: Pameinama.
Eneo ni dogo kuliko kiwango cha chini: Hapatoshi.
Hakuna njia ya kulifikia eneo: Hapafikiki.
Chumba kimejaa: Humu hamna nafasi.
Fedha zimepungua: Fedha hazitoshi.

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, jumbe nyingi ni za neno moja, kwa sababu kitenzi cha Kiswahili hubeba kiima, wakati, ukanushi na kauli ndani yake. Pili, kubadilika kwa kauli kunabeba taarifa. "Hapajengeki" ni kauli ya kutendeka: hakuna mtu aliyetajwa, tatizo ni asili ya mahali. "Pamejengwa" ni kauli ya kutendwa: yupo aliyejenga, na kilichojengwa kinaweza kubomolewa. Mchezaji anayeifahamu lugha hupata dokezo la suluhisho kutokana na kiambishi tu. Tatu, ujumbe wa fedha hautumii ngeli ya mahali, na hivyo ndivyo inavyofaa, kwa kuwa kasoro haiko mahali. Mchezaji hana haja ya kusogeza kipanya.

Iwapo eneo moja lina kasoro kadhaa, ujumbe upi utangulie? Inapendekezwa kasoro ya mahali itangulie ya fedha. Mchezaji akiambiwa kwanza kwamba fedha hazitoshi, atangoja hadi azipate, kisha agundue kwamba pana maji. Atakuwa amengojea kitu kisichomfaa.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba rangi inayolijibu eneo lililoteuliwa katika mchezo wa ujenzi si pambo. Ni kauli arifu kuhusu uwezekano wa mahali, na Kiswahili kinaweza kuieleza kauli hiyo kwa neno moja kutokana na kauli ya kutendeka na ngeli ya mahali. Yameonyesha pia kwamba rangi peke yake huwaacha nje baadhi ya wachezaji, na kwamba kwa wote huacha sababu bila kusemwa.

Mara nyingi hudaiwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya teknolojia, na kwamba kazi ya mwanaisimu ni kuyaunda. Mfano huu unaonyesha upande mwingine. Hakuna istilahi mpya hata moja iliyohitajika ili kusema "Hapajengeki," "Hapafikiki" au "Hapatoshi." Kilichohitajika ni kuacha kuitazama sentensi ya lugha nyingine na kutazama kinachotendeka kwenye kiwambo. Sarufi inayofundishwa darasani, ambayo wanafunzi wengi huiona kuwa ya kupitia mitihani tu, ndiyo iliyotoa jawabu. Wanafunzi wa Kiswahili na wenzao wa sayansi ya tarakilishi husomea katika chuo kimoja. Inafaa waanze kukaa meza moja.

Zoezi

1. Changanua mofimu za maneno haya, na ueleze kila mofimu ingeonekanaje kwenye kiwambo cha mchezo: hapafikiki, hakujengeki, pamejengwa.
2. Tunga jumbe tatu za kifaa cha kubomoa, ukizingatia kwamba si kila kilichojengwa kinabomoleka.
3. "Rangi ya kijani katika SimCity ni homonimu." Jadili kauli hii ukirejelea kazi mbili za rangi zilizoelezwa katika sehemu ya tatu.